Zamu tatu kwa msimu: kugawana kazi za klabu ya mtaa hapa Lubumbashi

Klabu nyingi za mitaa yetu, kuanzia komini za Katuba na Kenya hadi Ruashi na Kampemba, zinabebwa na watu watatu au wanne. Mmoja anachora mistari na ndiye anayetunza nyavu. Wa pili ana mayo (jezi) zote nyumbani kwake. Wa tatu anashika kese (pesa za klabu), anapokea waamuzi, anajaza karatasi ya mechi, na akisafiri kwenda Likasi kila kitu kinasimama. Wengine wote wamekaa pembeni ya kiwanja, wanashangilia, na wanachanga wakiombwa. Mkutano mkuu unafika, watu wanasema "tusaidiane", wanapiga makofi, na Jumamosi inayofuata wanaonekana walewale watatu.

Naamini kabisa kwamba wale wengine si wavivu. Wanachokimbia ni kazi isiyo na kipimo. Hawajui ni ya muda gani wala inaisha lini, na wameshaona kwamba aliyekubali mara moja ameachiwa miaka sita. Mtu akipewa kazi yenye jina lake, tarehe yake na saa ya kumaliza, mara nyingi anafika. Ugumu uko kwenye hesabu, na hesabu hiyo ifanywe kabla ya kumwomba mtu yeyote chochote.

Tuchukue mechi moja ya nyumbani, timu ya mpira wa miguu ya mtaa, kiwanja cha udongo, watazamaji mia mbili au tatu. Kuchora mistari kunataka watu 2 kwa saa 2. Kufunga nyavu na kuzifungua, watu 2, saa 1 kwa jumla. Maji ya wachezaji, mtu 1, saa 2, kwa sababu bido (madumu) zijazwe na kubebwa mapema. Kufua mayo, watu 2, saa 3. Mlangoni na kese, watu 2, saa 3. Kupokea waamuzi na wageni, mtu 1, saa 3. Sanduku la dawa, mtu 1, saa 3. Leseni na karatasi ya mechi, mtu 1, saa 2. Usafi baada ya mechi, watu 2, saa 1. Ukijumlisha unapata kazi 9, watu 14, na saa 30 za kazi ukiunganisha za wote.

Msimu wenye mechi 12 za nyumbani unataka basi zamu 168 na saa 360. Klabu yenye wanachama 56, ukihesabu wachezaji wakubwa, wazazi wa watoto, wazee na mashabiki wenye kadi, inapata zamu 3 kwa kila mtu, kama saa 6 na nusu kwa msimu mzima. Weka pia watu 2 wa akiba kila mechi: zamu zinakuwa 192, maana yake watu 24 kati ya wale 56 watakuwa na zamu ya nne, ya akiba tu. Nenda na hesabu hiyo kwenye mkutano mkuu, uiandike ubaoni mbele ya watu. Chumba kinabadilika. Aliyekuwa anaogopa kumezwa na klabu anaona kwamba anaombwa sehemu ndogo kuliko muda anaoupoteza kwenye foleni ya teksi-basi kwa wiki moja. Na wale watatu wanaobeba yote wanaona kwa mara ya kwanza mzigo wao ukiwa kwenye tarakimu.

Watu wetu wanaujua utaratibu huu tayari. Likelemba, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu, inadumu kwenye masoko na kazini kwa sababu kila mmoja anajua siku yake, anajua nani yuko kabla yake na nani baada yake, na wote wanaona. Hakuna likelemba inayoendeshwa kwa kusema "mwenye nafasi atoe". Zamu za klabu zinataka utaratibu uleule: orodha ya majina iliyo wazi, mzunguko unaojulikana, na mtu mmoja anayeulizwa pale jina likikosekana.

Kwa nini tangazo la jumla halifanyi kazi? Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alichapisha mwaka 1913 vipimo vya watu waliovuta kamba. Wawili wakivuta pamoja, kila mmoja alitoa kama asilimia 93 ya nguvu zake. Wakifika wanane, kila mmoja alitoa chini kidogo ya nusu. Sehemu ya upungufu inatokana na kutovuta kwa pamoja, na watafiti waliokuja baadaye walionyesha kwamba sehemu nyingine ni mtu kulegea tu akijua kuna wengine. Ujumbe wa WhatsApp unaosema "tunahitaji watu wa kuchora mistari kesho" unawafikia watu 56, na kila mmoja anaona kuna wengine 55. Zaidi ya hapo, siku hiyo wengi hawana mega (intaneti ya simu), na asiyeuona ujumbe hana kosa.

Kwa hiyo orodha ya zamu iandikwe mara tatu: kwenye kaye (daftari) ya klabu, kwenye karatasi kubwa inayobandikwa mahali wachezaji wanapovalia, na kwenye picha inayotumwa kwa simu. Halafu isomwe kwa sauti. Alhamisi, mwisho wa mazoezi, mkuu wa zamu anasoma majina 14 ya Jumamosi na kila aliyepo anaitika. Wasiokuwepo wanapigiwa simu jioni ileile, kwa sauti. "Yaya, Jumamosi hii ni zamu yako ya maji, saa mbili kabla ya mechi, bido ziko kwa mama mwenye ufunguo." Simu hiyo haifiki dakika moja. Ukipiga nane au tisa umemaliza, na inazuia zaidi ya nusu ya matatizo ya siku ya mechi, kwa sababu aliyesahau anakumbuka siku mbili kabla, na asiyeweza anasema mapema ili mtu wa akiba aitwe.

Mkuu wa zamu awe mtu mmoja, na kazi yake iwe hiyo tu. Asiwe prezida, kwa sababu watu humpelekea prezida udhuru na prezida huona haya kukataa. Asiwe mhazini pia. Namwona vizuri mtu wa umri wa kati, anayeheshimiwa na vijana bila kuogopwa, mwenye mwandiko unaosomeka. Yeye anatolewa kwenye zamu nyingine zote, maana simu na kaye vinamla zaidi ya saa 6 na nusu. Anakaa msimu mmoja, na kuanzia katikati ya msimu anakuwa na msaidizi atakayempokea.

Sasa orodha yenyewe. Usianze kuandika majina kabla ya kumwuliza kila mwanachama maswali manne, siku anapolipia kadi yake. Unafanya kazi ya zamu za usiku au unakwenda migodini kwa mzunguko? Unasali Jumamosi au Jumapili, saa ngapi? Una mtihani, harusi au safari ambayo tarehe yake inajulikana? Kuna kazi gani unayoweza kuliko wengine, na ipi mwili wako hauiwezi? Hapa kwetu swali la kwanza lina uzito wa pekee. Wanachama wanaofanya kazi upande wa Fungurume au Kolwezi hukaa kambini siku kadhaa na kurudi nyumbani siku kadhaa. Ukiwapangia bila kujua mzunguko wao, umetengeneza mapengo kwa mkono wako mwenyewe. Wape zamu zao zote tatu kwenye siku wanazokuwa mjini, hata zikifuatana. Muumini wa kanisa linaloshika Sabato apewe mechi za Jumapili, na wa makanisa mengine apewe Jumamosi. Hili linaonekana dogo, lakini mtu akipangiwa zamu saa ya ibada anaelewa kwamba klabu haimjui.

Swali la nne lina hatari yake. Muuguzi atasema anaweza sanduku la dawa, na komite itafurahi na kumwachia mechi zote 12. Usifanye hivyo. Mpe zamu zake tatu kama wengine, na kwenye kila zamu awe na mtu anayejifunza. Msimu wa pili klabu itakuwa na watu wanne wanaojua kufunga kifundo kilichoteguka na kujua mgonjwa anapelekwa kituo kipi cha afya. Ni vilevile kwa mwenye gari, fundi wa kulehemu na anayejua kujaza karatasi ya mechi. Kuhusu karatasi hiyo: leseni moja iliyoachwa nyumbani inaweza kuipotezea timu mchezaji na pointi, na timu haiwezi kuanza mechi ikiwa na wachezaji chini ya 7. Kwa hiyo leseni ziwe kwenye mfuko mmoja wa plastiki, zihesabiwe Ijumaa usiku, na namba iandikwe kwenye kaye.

Kila kazi iwe na nusu ukurasa wa maelekezo unaokaa ndani ya mfuko wa vifaa. Watu wengi hukataa kwa kuogopa aibu ya kukosea mbele ya wengine, na hawatakwambia hivyo. Watasema wana shughuli. Nitaonyesha karatasi mbili kati ya zile tisa, kwa sababu ndizo zinazoharibika zaidi.

Ya kwanza ni mistari. Kiwanja cha mita 100 kwa 64 kina mistari yenye urefu wa karibu mita 695, ukihesabu duara la katikati, maboksi yote na vile vipinde. Kwa upana wa sentimita 10 na kiasi cha gramu 70 za unga kwa mita, ni kilo 50 hivi, yaani mifuko 2 ya kilo 25. Mstari hauruhusiwi kuzidi sentimita 12. Watu 2 waje na kamba ndefu, vigingi, kopo lenye matundu chini au toroli ya kuchorea, na kipimo cha mita. Pembe ya kona inapatikana kwa kamba ya pembetatu: mita 6 upande mmoja, 8 upande wa pili, na kati ya ncha hizo mbili ziwe 10 kamili. Zikizidi au zikipungua, kona imepinda na kiwanja chote kitapinda nayo. Boksi kubwa linaingia ndani mita 16.5, boksi dogo 5.5, alama ya penalti iko mita 11, na duara lina nusu kipenyo cha mita 9.15. Mara ya kwanza kazi hii inachukua asubuhi nzima. Ili isiwe hivyo kila wiki, zika alama za kudumu kwenye kona nne, mita 1 nje ya mstari ili asiumie mtu, na andika umbali huo kwenye karatasi. Bila alama hizo, saa 2 nilizoandika kwenye hesabu hazitoshi, na atakayefuata atasema alidanganywa.

Unga wenyewe unataka uangalifu hasa katika mji huu. Chokaa ni nyingi huku kwa sababu viwanda vya shaba na kobalti vinaitumia, na mawe ya Kakontwe pale Likasi yamechomwa chokaa kwa miaka mingi. Hivyo mtu atatokea na mfuko wa chokaa hai wa bei nafuu, kwa moyo mwema kabisa. Chokaa hai inachoma ngozi yenye jasho na inaweza kuharibu jicho. Jaribu kwanza: mimina maji kidogo kwenye kopo la bati, tia kijiko kimoja cha unga, usogee nyuma. Ikichemka au kopo likipata moto, haiingii kiwanjani. Hata chokaa iliyozimwa inawasha. Kinachofaa ni unga wa mawe ya chokaa yasiyochomwa, au rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa. Anayemwaga avae glavu na miwani, na upepo wa Agosti ukivuma amwage akiwa ameupa mgongo. Unga ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 20 bila kukatiza, halafu nenda kwa daktari.

Karatasi ya pili ni ya mayo, na hapa naomba klabu zetu zijitazame. Karibu kila mahali mayo zinafuliwa na mwanamke mmoja: mama wa kapteni, mke wa prezida, dada wa kipa. Hakuwahi kuchaguliwa, jina lake haliko kwenye orodha ya komite, na sabuni anaitoa mfukoni mwake. Hesabu ile ya juu inasema ni saa 6 za kazi kwa kila mechi, watu wawili kwa saa 3, sawa na kazi ya mlangoni, na hakuna kazi nyingine inayozifikia. Kwa mechi 12 ni saa 72 zinazobebwa na mtu ambaye hata kadi ya uanachama pengine hana. Zamu ya mayo iingie kwenye mzunguko kama nyingine, na wanaume waipate kwa uwiano uleule. Nasema hivi bila kulainisha: klabu isiyoweza kumpangia beki wake wa kati kufua mayo haijagawana kazi bado.

Maelekezo yake ni haya. Hesabu mayo 18 na kaptura 18 mbele ya mwenzako kabla ya kuondoka kiwanjani, tia sahihi. Tope jekundu liache likauke, lipigwe brashi kwanza. Ukililowesha likiwa bichi linaingia ndani ya uzi. Geuza mayo ndani nje ili namba zisichubuke. Bido 3 za lita 20 zinatosha: moja ya kuloweka, moja ya kufua, moja ya kusuuza. Tumia maji baridi na sabuni ya unga. Zhaveli (dawa ya kung'arisha nguo nyeupe) usitie, kwa sababu wekundu wa udongo wetu unatokana na kutu ya chuma na zhaveli haiiondoi, inaweza hata kulikaza doa, huku ikila rangi ya nguo na gundi ya namba. Anika kivulini. Zirudi zimekunjwa kwa mpangilio wa namba Jumatano kabla ya mazoezi, zihesabiwe tena. Sabuni inatoka kwenye kese, na aliyenunua anaandika kiasi siku hiyohiyo.

Kuhusu kubadilishana, kanuni iwe moja na fupi: mwenye zamu ndiye anayetafuta wa kubadilishana naye, na wote wawili wanamwarifu mkuu wa zamu angalau saa 48 kabla ya mechi. Ndani ya saa 48 anaingia mtu wa akiba, na mwenye zamu anadaiwa zamu moja. Matanga na ugonjwa havidaiwi. Usiombe cheti cha daktari wala usiulize marehemu alikuwa nani. Ukianza kuchunguza vilio vya watu umepoteza kitu kikubwa kuliko zamu. Mwenye kutumia udhuru wa matanga mara tano kwa msimu anajulikana na wenzake, na wao watasema naye vizuri kuliko komite.

Wajumbe wa komite wanapaswa kuwa na zamu pia, angalau moja kila mmoja, na iwe ya mikono. Wazee wanaokumbuka salongo ya enzi za Zaïre wanajua jinsi kazi ya wote inavyochukiwa pale wakubwa wanapokosekana na wadogo wanasimamiwa. Jina la prezida liwe kwenye usafi baada ya mechi ya kwanza ya nyumbani, huku watu bado hawajaondoka. Sijaona tangazo lenye nguvu kuliko hilo.

Tatizo lisilotarajiwa ni wale wenye bidii. Mtu wa nyavu wa miaka yote atakuja hata siku isiyo yake, atamnyang'anya kijana kamba kwa sababu anafunga polepole, na kijana hatarudi. Zungumza na huyo mzee mapema, kwa heshima na faraghani. Mwombe awafundishe watu wanne, kila mmoja kwa mechi moja, na baada ya hapo akae kwenye kiti chake. Mtu asichukue zamu ya mwenzake zaidi ya mara moja kwa mwezi, hata akitaka. Funguo za stoo ziwe mbili, kwenye nyumba mbili tofauti. Klabu inayotegemea ufunguo mmoja itakosa balo (mpira) siku mwenye ufunguo atakapokwenda Kipushi kwenye harusi.

Pesa. Watakuwepo wanaosema: mimi nina biashara, nitalipa badala ya kuja. Vishawishi ni vikubwa kwa sababu kese huwa haina kitu. Mwaka 2000 watafiti Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha walichokiona kwenye vituo vya kulelea watoto vya mji wa Haifa, Israeli. Wazazi walikuwa wanachelewa kuwachukua watoto. Vituo kadhaa vikaweka faini ndogo, na idadi ya wanaochelewa ikapanda hadi karibu mara mbili. Faini ilipofutwa, haikushuka. Mzazi aliyekuwa anaona haya mbele ya mwalimu sasa alikuwa ananunua muda. Faini ya zamu kwenye klabu inaleta jambo lilelile, na kwenye mji wenye tofauti kubwa za mapato inaongeza lingine: wenye pesa wanatoka kwenye kazi, maskini wanabaki nayo, na baada ya msimu mmoja mayo zimerudi kwa yule mama.

Nakubali ubaguzi mmoja. Kama klabu inaamua kweli kuruhusu kulipa, bei iwe ile ambayo fundi au kibarua wa mtaani atadai kwa kazi hiyo kwa muda huo, ilipwe siku 7 kabla, na mara moja tu kwa msimu. Pesa hiyo imlipe mtu halisi anayeifanya, isipotelee kwenye kese. Pia tofautisha kurudisha gharama na kulipa mshahara. Aliyepanda moto (pikipiki) kuleta nyavu anarudishiwa nauli kwa kiwango kinachojulikana, kilekile kwa wote. Siku utakayompa mmoja "kitu kidogo" kwa siri, wengine 13 watajua kabla ya filimbi ya mwisho.

Kazi ya mlangoni ina kanuni zake. Wawili wanaohesabu wasiwe wa familia moja, na jozi ileile isirudi mechi inayofuata. Tiketi ziwe na namba zinazofuatana, waandike ya kwanza na ya mwisho. Wanahesabu faranga mbele ya mtu wa tatu, wanatia sahihi wote, na pesa inaingia jioni ileile kwenye akaunti ya klabu, iwe ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, yenye laini iliyosajiliwa kwa ajili ya klabu. Jumla inasomwa Alhamisi pamoja na majina ya zamu. Inalinda kese, na inawalinda zaidi wale wawili: watu wengi wazuri wanakataa zamu hii kwa kuogopa kusingiziwa.

Na asiyefika kabisa? Elinor Ostrom, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zinazotunza mifereji, misitu na malisho kwa pamoja, na akaona kwamba zinazodumu huanza na adhabu ndogo na kupanda polepole. Mara ya kwanza mwanachama mwenzake, wa rika lake, anamwuliza kuna nini. Mara nyingi kuna kitu kweli: kazi imepotea, mtoto amelazwa. Mara ya pili mkuu wa zamu anamwandikia deni la zamu moja na linasomwa Alhamisi. Mara ya tatu anaitwa mbele ya komite, na akikataa bila sababu anapoteza kura kwenye mkutano mkuu hadi amalize deni. Hatua hizi ziwe ndani ya sheria za ndani za klabu, zimepigiwa kura, kabla ya msimu kuanza. Kuna adhabu moja nisiyoikubali hata kidogo, nayo ni kumkalisha mtoto benchi kwa sababu baba yake hakuja kuchora mistari. Mtoto hana mkono kwenye kosa hilo, na baba atamtoa mtoto kabla ya kubadilika.

Watoto wenyewe wanaweza kuokota balo na kusaidia usafi pamoja na mtu mzima. Kese na chokaa zisiguswe na mtu wa chini ya miaka 18.

Kuna siku moja nje ya orodha: kutengeneza kiwanja. Wengi huiweka Septemba au Oktoba, mvua zikikaribia, na hapo ardhi ni ngumu, vumbi halishikani, na maji ya kulowesha ni ya kubebwa kwa bido. Iwekeni mwezi wa Aprili, mvua zikiisha, wakati udongo bado una unyevu. Mifereji iliyochimbwa na mvua ikatwe kingo ziwe wima, ijazwe udongo wa kichuguu kwa tabaka za sentimita 10, kila tabaka lipigwe hadi kisigino kisiache alama. Ukimwaga udongo wote mara moja, juu panaonekana pazuri na mvua ya kwanza ya Novemba inafukua tena. Hesabu vifaa kabla ya kuita watu. Majembe 6, reki 3, toroli 2 na vyuma 3 vya kushindilia vinatosha watu 20, wengine wakipokezana. Ukiita watu 50 kwa majembe 6, thelathini watasimama, na waliosimama mwaka huu hawaji mwakani. Kila kundi la watu watano lipewe kipande chake kilichowekewa vigingi, na kazi ifungwe baada ya saa 3, hata kama pamebaki kidogo. Ahadi ya saa ya kumaliza ndiyo iliyowaleta.

Mwisho wa msimu mkuu wa zamu anasoma kaye yote: nani amefanya ngapi, nani alibadilishana na nani, nani anadaiwa. Aliyefanya nne au tano anaanza msimu mpya akiwa na zamu moja pungufu, na mwenye deni anaanza na moja zaidi. Kazi zilizochukua muda mrefu kuliko ilivyoandikwa zisahihishwe: kama nyavu zimechukua saa 1 na nusu kila mara, iandikwe saa 1 na nusu na hesabu yote irudiwe mbele ya watu. Majina ya mechi tatu za kwanza yajazwe kwenye mkutano huohuo, kabla watu hawajasimama kwenda kunywa.